Mpen-dwa Wetu

Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja tu kabla ya Wakenya kupiga kura, mwenyekiti wa IEBC Wafula Chebukati alitangaza kwamba uchaguzi wa gavana hautafanyika Kakamega wala Mombasa. Karatasi za kura zilikuwa zimetoka Ugiriki, kwa kampuni ya Inform Lykos, na picha zilizokuwa juu yake hazikulingana na wagombea. Kacheliba na Pokot Kusini nao wakaahirishiwa uchaguzi wa wabunge kwa kosa la aina hiyo hiyo. Watu wakangoja hadi tarehe 29 ndipo wapate gavana.

Kakamega ni majirani zetu, kwa hivyo hapa Busia stori hiyo ilizungumzwa mpaka ikachosha. Kila mtu alikuwa na njama yake. Mimi, njama au si njama, niliona kosa la familia ninayoijua vizuri. Picha sahihi, jina sahihi, ukurasa sahihi, lakini vitu hivyo vitatu havijakutana. Ukipanga kurasa kwa kompyuta unalala na kuamka na kosa hilo.

Niko Chakol, Teso Kusini, katikati ya Busia na Malaba. Chuo niliacha mwaka wa tatu (karo, stori ndefu, siyo ya leo) na tangu hapo naandika makala kwa pesa zinazokuja zikitaka. Kati ya makala moja na nyingine napanga kurasa: kadi za harusi, katiba za vyama vya akina mama, vitabu vya jubilii vya kanisa. Lakini kinachonunua unga ni programu za mazishi. Mtu akifa Jumapili, kufikia Jumatano watoto wake wako kwenye saiba na picha moja iliyopigwa harusini mwaka wa juzi, na karatasi mbili za daftari zenye maisha yote ya marehemu.

Tuseme ukweli. Kwa watu wengi wa huku, programu ya mazishi ndicho kitabu pekee kitakachowahi kuandikwa juu yao. Kurasa nane za A5: alizaliwa wapi, alisoma mpaka darasa gani, alifanya kazi reli au forodhani au shambani, ameacha nani. Ndiyo maana nimekuwa nikijiuliza mashine zinazochapa vitabu hivi zilitengenezewa nani. Historia yake inaanza mbali kabla ya kompyuta.

Miaka ya 1860 na 1870, Edward Steere wa misheni ya UMCA alikuwa na mtambo mdogo wa kuchapa kule Zanzibar. Vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa walifundishwa kupanga herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume, kwenye fremu. Sasa, herufi za risasi ziliuzwa kwa seti, na seti ya Kiingereza ilihesabiwa kwa Kiingereza: e nyingi kupita zote, k chache tu. Chukua sentensi yoyote ya Kiswahili uhesabu. "Mwanafunzi anakaa karibu na kanisa" ina herufi 30. Kati ya hizo 30, a ni 10 na k ni 3. Je, e ziko ngapi? Hakuna hata moja. Ukiwa na seti ya Kiingereza, utapanga nusu ukurasa a zikuishie, na e zitabaki zimelala kwenye droo zikikuangalia. Hata hivyo mpangaji wa zamani alikuwa na bahati moja: tatizo alilishika mkononi. Droo ikiwa tupu, ni tupu. Hakuna mashine iliyojifanya kujua.

Huku magharibi mambo yalifuata njia hiyo hiyo ya misheni. Emory Rees wa Friends alikuwa na mtambo Maragoli, na Agano Jipya la Kilogooli likatoka 1925. Kwa upande wa Kiteso, Padri Kiggen wa Mill Hill alitoa kamusi ya Kiteso na Kiingereza mwaka 1953, ikachapishwa London. Kumbuka Waiteso wenyewe walikuwa tayari wamekatwa. Mwaka 1902 Waingereza walichukua mkoa wa mashariki wa Uganda wakauweka chini ya himaya ambayo baadaye ikaitwa Kenya, na ukoo mmoja ukajikuta una serikali mbili. Ndiyo sababu hapa msiba mmoja unaweza kuwa na waombolezaji wa Tororo na wa Amukura, na programu moja ikawa na wimbo wa Kiteso, somo la Kiswahili, wasifu wa Kiingereza na salamu za mkwe kwa Luganda. Shikilia hiyo Luganda, nitairudia.

Halafu ikaja 1985. Januari mwaka huo Apple ilitoa printa ya LaserWriter kwa dola 6,995, ikiwa na lugha ya PostScript ndani yake, kazi ya John Warnock na Charles Geschke wa Adobe. Miezi michache baadaye Paul Brainerd wa Seattle akatoa PageMaker. Kampuni yake aliiita Aldus, kwa heshima ya Aldus Manutius, mchapishaji wa Venice wa miaka zaidi ya 500 iliyopita, na ndiye aliyeipa biashara hii jina lake la uchapishaji wa mezani. Kabla ya hapo, kupanga gazeti kulihitaji chumba kizima, gundi, wembe na watu wenye macho makali. Baada ya hapo ilihitaji meza na stima.

Nairobi ilielewa haraka maana yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, majarida madogo yenye mdomo mkubwa yalichipuka: Nairobi Law Monthly ya Gitobu Imanyara tangu 1987, Finance ya Njehu Gatabaki, Society ya Pius Nyamora. Serikali ya Moi ilipiga marufuku, ikashika wahariri, ikachukua nakala mitaani. Kisha Aprili 1993 polisi wakavamia Fotoform, kiwanda cha kuchapa cha Nairobi, na kung'oa vipuri vya mitambo ili isifanye kazi. Hapo ndipo naona walikuwa na akili kuliko tunavyowapa sifa. Walijua ukurasa unaweza kupangwa chumbani kwa mtu yeyote, lakini mtambo wa kuchapa ni tani za chuma na haufichiki chini ya kitanda. Uhuru wa mezani ulikuwa unaishia mezani.

Lakini udhibiti ninaotaka kuuongelea ni mwingine, ambao haukuhitaji polisi hata mmoja.

Kompyuta za wakati huo zilihesabu herufi hadi 256, basi. Jedwali lililotawala Windows liliitwa 1252, na nafasi zake ziligawiwa lugha za Ulaya Magharibi. Mreno alipewa ã na õ. Mhispania akapewa ñ. Mfaransa, Mjerumani, Mdenmaki, wote wakapata zao. Mkikuyu aliyetaka ĩ na ũ hakuwekwa kwenye orodha. Ona jinsi inavyouma: kile kimstari cha mawimbi kipo kabisa, kimewekwa juu ya a na juu ya o, lakini juu ya i na u hakuna. Watu wakafanya walichoweza. Wakachukua î na û za Kifaransa wakazitumia badala yake, na ndiyo maana mpaka leo unakutana na "Gîkûyû" kwenye maandishi mengi. Hiyo kofia haikuletwa na mwalimu wa sarufi. Ililetwa na jedwali. Wengine walijanja zaidi, wakatengeneza fonti za nyumbani ambamo ã ilichorwa upya ikaonekana ĩ. Kwenye kompyuta yako ni safi. Peleka faili kwa mchapishaji asiye na hiyo fonti, na ĩ zako zote zinavua nguo zinabaki ã.

Luganda nayo ina ŋ, ile ya eŋŋoma, iliyomo katika tahajia iliyokubaliwa 1947. Jedwali la 1252 halina. Kwa hivyo wapangaji wakaandika ng' kama Waswahili, au n tupu, na mkwe wa Tororo akakasirika kimyakimya maana msibani hukasiriki kwa sauti.

Unicode, iliyoanza kutolewa 1991, ndiyo iliyokuja na nafasi ya kila mtu. Lakini nafasi kwenye jedwali na nafasi kwenye programu ni vitu viwili. PageMaker ilifika toleo la mwisho, la 7, mwaka 2001, bila kuijua Unicode. InDesign iliijua tangu ilipotoka 1999. QuarkXPress, iliyokuwa ikitamba magazetini duniani, ilingoja mpaka toleo la 7 mwaka 2006. Na saiba za huku kwetu hazinunui toleo jipya siku linapotoka. Hazinunui kabisa, tuseme hivyo. Zinatumia CD iliyonakiliwa mwaka ambao mwenye saiba alifungua biashara, na kama alifungua na PageMaker, basi ĩ ya mwaka 1991 ilifika kwake 2015.

Umeshawahi kuona "ngâ€™ombe"? Hata hilo lina maelezo. Kipengele kile kilichopinda, ’, huhifadhiwa kwa Unicode kama baiti tatu. Programu inayofikiria bado iko kwenye 1252 inazisoma moja moja: ya kwanza â, ya pili €, ya tatu ™. Ng'ombe mmoja anapita mpaka wa majedwali mawili na kutoka na euro mdomoni. Suluhisho ni dogo: unapofungua maandishi yaliyotoka kwenye barua pepe au simu, usiyaburute tu ndani ya ukurasa. Tumia amri ya kuingiza faili, uchague UTF-8 pale inapouliza. Dakika moja. Lakini lazima ujue kuna swali la kujibu.

Kitu kinachoniudhi kuliko vyote ni kistari cha mwisho wa mstari. Kiswahili kina kanuni rahisi ajabu: silabi huishia na irabu, isipokuwa pale m au n inaposimama peke yake. Nyu-mba. Uga-nda. Mpe-ndwa. Mtoto wa gredi ya pili anaijua. Sasa programu ikiwa imewekwa Kiingereza, na zote huja zimewekwa Kiingereza, inakata kati ya konsonanti mbili: nyum-ba, Ugan-da, mpen-dwa. Fungua programu yoyote ya mazishi yenye safu mbili, na kuna uwezekano mkubwa ukurasa wa kwanza unasema "mpen-dwa wetu". Hakuna anayelalamika. Tumeyazoea kiasi kwamba yanaonekana kama ndivyo Kiswahili kilichochapwa kinavyopaswa kuwa. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, menyu na kila kitu. Miaka ishirini na zaidi imepita na bado saiba zetu zinakata mpendwa kwa kisu cha Mwingereza. Ukitaka kuliepuka leo, zima ukataji wa maneno kabisa na upange mistari ianzie kushoto bila kulazimisha upande wa kulia ulingane. Itaonekana na meno kidogo upande mmoja. Afadhali meno.

Mambo mengine ni ya kawaida, nayapitia haraka. Kurasa lazima zigawike kwa nne, la sivyo utakuwa na ukurasa mweupe pale familia ilitaka picha. Kitabu cha kurasa nane: wa 8 unakaa na wa 1, nyuma yao wa 2 na wa 7, kisha wa 6 na wa 3, nyuma yao wa 4 na wa 5. Upande wa pili ukitoka kichwa chini miguu juu, umechagua kugeuza kwa ukingo mrefu. Badilisha uweke mfupi. Picha za WhatsApp: ikitumwa kawaida, programu hiyo huifinya ibaki takriban pikseli 1,600 kwa urefu, ambazo kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi zinatosha sentimita 13 na nusu. Jalada la A5 ni 21. Mwambie mtoto wa marehemu aitume kama dokyumenti. Na bluu ile tamu ya kwenye skrini itatoka zambarau, maana skrini inachanganya mwanga na printa inachanganya wino. Mwambie mapema, sio siku ya mazishi.

Lakini kuna tatizo moja ambalo si la urembo, na hapa nataka tukae kidogo.

Fonti ikikosekana, programu haigomi. Inaweka nyingine na kuendelea. Fonti hiyo nyingine ikiwa nene zaidi, maneno yanahitaji nafasi zaidi, na fremu haikui. Maneno yanayozidi hayafutwi, yanafichwa chini ya fremu. InDesign huweka alama ndogo nyekundu ya kujumlisha pembeni. Publisher huweka kijialama chake. Usipokiona, unachapa, na maneno yaliyofichwa hayatoki. Na wasifu wa marehemu huishia na nini? Huishia na orodha. "Ameacha wake wawili na watoto kumi na mmoja", kisha majina, nyumba ya kwanza mbele, nyumba ya pili nyuma.

Miaka michache iliyopita kulikuwa na mazishi si mbali na hapa. Programu ilikuwa imepangwa kwenye kompyuta moja ikachapwa kwenye duka lingine mjini. Nakala zikaja usiku wa Alhamisi. Asubuhi mama mmoja wa makamo akanijia, kitambaa cheusi mkononi, akaniwekea kile kijitabu mezani.

"Kijana wangu, wewe unajua hizi kompyuta. Watoto wangu wako wapi hapa?"

Nikaangalia. Orodha iliishia kwa mtoto wa mwisho wa nyumba ya kwanza, pale pale ukurasa ulipoishia.

"Mama, hawajaondolewa. Wamefichwa chini."

"Nani amewaficha?"

Nikajaribu kumweleza fonti ni nini. Alinisikiliza kwa heshima yote, halafu akaniuliza, "Na hiyo fonti ni mtu wa upande gani?"

Usicheke. Swali lilikuwa la maana. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa 1972 na kuanza kutumika 1981, inahitaji ijulikane nani aliyeachwa na marehemu, na familia zikifika mahakamani kupigania shamba, programu ya mazishi ni moja ya karatasi zinazowekwa mbele ya jaji. Imechapwa, ina tarehe, na ilisomwa hadharani bila mtu kupinga. Unafikiri shemeji atakubali kwamba watoto watano walipotea kwa sababu ya fonti? Tulifungua faili lile, nikaweka fonti iliyopo, nikavuta fremu chini, majina yakapanda moja baada ya jingine kama watu wanaotoka kwenye maji. Nakala mia mbili zikachapwa upya kabla ya saa nne. Zile za kwanza zilishapelekwa vijiji vitatu kwa boda, na hizo bado ziko huko.

Tangu siku hiyo sitoi kazi bila kuigeuza PDF yenye fonti ndani yake. PDF ilitolewa na Adobe 1993, na kwa maoni yangu ndicho kitu cha maana zaidi walichowahi kufanya kwa mtu wa kijijini: ukurasa unaosafiri na herufi zake. Kabla ya hapo, na kabla nyaya za baharini kufika Mombasa 2009, kazi kubwa ya rangi ilibebwa kwa diski au flashi ndani ya matatu kwenda Kisumu, au kuvuka mpaka hadi Nasser Road kule Kampala, mtaa ambao utakuchapishia chochote ilimradi usiulize sana. Wapangaji wa zamani walibeba na fonti zao kwenye folda kando, kama mtu anayesafiri na godoro lake. Halafu virusi vya flashi vikaja na kugeuza folda zote kuwa njia za mkato zinazoelekea kusikojulikana. (Faili zipo, zimefichwa tu. Onyesha vilivyofichwa kabla hujalia.)

Kinachonisumbua sasa ni kile kilichobaki nyuma. PageMaker imekufa, InDesign za zamani hadi CS6 zilifungua faili zake, zilizofuata zimekataa. CorelDRAW, mzaliwa wa Ottawa 1989 na kipenzi cha wachora mabango wote wa mpakani, haifungui kwa toleo la zamani faili lililohifadhiwa kwa toleo jipya. Na Publisher, ambayo imekuwepo tangu 1991 na ndiyo iliyozika nusu ya Teso, Microsoft wametangaza kwamba mwisho wake ni Oktoba 2026.

Kwenye saiba ninapofanyia kazi kuna kompyuta mbili za zamani chini ya kaunta. Ndani yake nilihesabu faili 612 za Publisher, nyingi zimeitwa "mazishi final" na "mazishi final 2" na "mazishi final kabisa". Makarani wa forodha wa Malaba wa enzi za foleni za siku tatu wako humo. Waendesha baiskeli waliobeba watu kutoka bodaa hadi bodaa kabla neno boda boda halijawa jina la pikipiki, wako humo. Walimu, wakunga, makatekista, mzee mmoja aliyejenga reli. Karatasi zao nyingi zilishafungia mandazi.

Jioni mteja akipungua nafungua tano au sita. Nabadilisha fonti iliyokosekana, naangalia chini ya kila fremu kama kuna mtu amefichwa, nageuza PDF, naandika jina na mwaka wa kifo kwenye faili. Mwenye saiba ananiuliza nani ananilipa. Nimefika ya 140. Katika hizo 140, fremu za orodha ya watoto zilizokuwa zimefurika ni 19, na hizo naziandika kwenye daftari kando, pamoja na kijiji, ili wenyewe wakija kutafuta nakala nijue pa kuanzia.